Nyuma ya gari la Jaji Davis: kaunti kwa kaunti Illinois

Jumapili, Chicago

Pale Lake Street inapokutana na Wacker Drive hakuna cha kupiga picha. Kuna majengo ya vioo, magari, na bamba la kumbukumbu linaloeleza kwamba hapa palikuwa na Wigwam, ukumbi mkubwa wa mbao uliojengwa kwa haraka kwa ajili ya mkutano mkuu wa chama cha Republican, Mei 1860. Humo ndimo Abraham Lincoln alimoteuliwa kugombea urais. Mwenyewe hakuwepo. Alibaki Springfield akingoja telegramu, na kazi ya kuwabembeleza wajumbe, chumba kwa chumba, usiku na mchana, ikasimamiwa na jaji wa Illinois aliyekuwa bado anakalia kiti chake: David Davis.

Ni huyu Davis ninayemfuata wiki hii. Kazi yangu ni ukalimani wa mahakama. Nasimama kando ya watu waliotoka Uvira, Fizi na Kigoma, namwambia jaji wanachosema, nawaambia wao anachosema jaji. Nimeona mara nyingi mtu mzima anavyonywea mbele ya chombo kinachoweza kumfunga na ambacho hakielewi. Kwa hiyo niliposoma hukumu aliyoandika Davis mwaka 1866, kwamba raia hawezi kuhukumiwa na wanajeshi mahali ambapo mahakama ziko wazi na zinafanya kazi, nilitaka kujua aliyeandika hivyo ni mtu wa namna gani. Nikagundua kwamba kabla ya kufika Washington alitumia miaka kumi na minne akiburuza gari la farasi kwenye matope ya Illinois, akiifungua mahakama mji hadi mji. Nikaona njia hiyo inapitika.

Anayeendesha ni shemeji yangu, mume wa dada. Ni dereva wa malori, na Illinois anaijua barabara kwa barabara.

Davis alipanga makao ya kampeni katika hoteli ya Tremont House. Mgombea aliyetarajiwa kushinda alikuwa William Seward wa New York, na raundi ya kwanza ilionyesha hivyo: Seward kura 173 na nusu, Lincoln 102. Raundi ya pili wakakaribiana, 184 na nusu kwa 181. Ya tatu Lincoln akafika 231 na nusu, zikihitajika 233, na wajumbe wanne wa Ohio wakahamia kwake. Lincoln alikuwa ametuma ujumbe kwamba wasifunge mapatano yoyote kwa jina lake. Wanahistoria bado wanabishana Davis aliwaahidi nini watu wa Pennsylvania. Linalojulikana ni kwamba Simon Cameron wa Pennsylvania alipata Wizara ya Vita.

Jaji kuendesha kampeni ya rafiki yake ni jambo linalonikera, na sitalifunika. Leo lingemvua joho.

Jumatatu, Bloomington

Zaidi ya kilomita mia mbili kusini-magharibi, mahindi kulia na kushoto, mengi yameshakauka yanangoja mashine ya kuvuna. Ni Oktoba, msimu ambao Davis alikuwa njiani kwa mzunguko wake wa vuli.

Hakuwa mzaliwa wa huku. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1815 katika kaunti ya Cecil, Maryland, baba yake, daktari, akiwa ameshafariki. Alisoma Kenyon College huko Ohio, akajifunza sheria Massachusetts na New Haven, na mwaka 1835 akaja Pekin, mji wa mtoni hapa Illinois, kufungua ofisi ya uwakili. Pekin ilimpokea kwa homa ya vipindi, malaria hasa, ambayo wakati huo ilitapakaa kando ya mito ya huku. Shemeji hakuamini. Nikamwonyesha kwenye maelezo ya makumbusho. Akasoma mara mbili. Mwaka uliofuata Davis akahamia Bloomington, akachukua wateja wa wakili Jesse Fell, na 1838 akamwoa Sarah Walker, binti wa jaji wa Lenox, Massachusetts.

Nyumba yao ipo, inaitwa Clover Lawn. Ilikamilika 1872, matofali ya manjano, vyumba 36, na nyuma yake bustani ya Sarah ambayo bado inalimwa kwa mpangilio wake. Ndani kuna meko za marumaru na mazulia mazito. Hii ni nyumba ya tajiri, na utajiri haukutoka kwenye mshahara wa jaji. Ulitoka kwenye ardhi: Davis alinunua mashamba tangu yalipokuwa rahisi, hakuyauza, na reli ilipopita bei ikapanda. Alipokufa alikuwa mmoja wa wenye ardhi wakubwa kabisa katika jimbo. Nilisimama muda mrefu kwenye chumba cha Sarah. Huyu ndiye aliyeandikiwa barua zote zile za njiani, za malalamiko juu ya matope, vyakula vibaya na vitanda vichafu, na yeye ndiye aliyebaki na nyumba na watoto miezi ile yote mume akiwa safarini.

Jioni tukapita makaburi ya Evergreen. Kaburi lake si gumu kulipata. Kabla ya kufa, tarehe 26 Juni 1886, alikuwa pia seneta, na alivyoupata useneta ni kisa cha peke yake. Uchaguzi wa rais wa 1876 ulipoleta mgogoro, Bunge liliunda tume ya watu kumi na watano. Ilitazamiwa Republican wawe saba, Democrat saba, na Davis, asiyefungwa na chama, awe wa katikati. Maana yake mtu mmoja angechagua rais. Katikati ya hayo Democrat wa bunge la Illinois wakasaidia kumchagua kuwa seneta, wakidhani wamemfunga kwa fadhila. Yeye akakubali useneta na kukataa tume. Nafasi ikaenda kwa Jaji Joseph Bradley, Republican, na Rutherford Hayes akapita kwa kura nane kwa saba. Wapo wanaosema Davis alikimbia mzigo. Mimi naona mtu aliyepewa zawadi na upande mmoja wa kesi hakuwa na njia nyingine ya heshima.

Jumanne, Pekin na Metamora

Pekin tumepita tu. Mto Illinois umepwaya, upepo ni mkali.

Metamora ndiyo iliyonipa nilichokuja kukitafuta. Pale kuna moja ya mahakama mbili za mzunguko ule ambazo bado zimesimama mahali pake pa asili: jengo la matofali la miaka ya 1840, nguzo nyeupe mbele, ofisi chini na chumba cha mahakama juu. Unapanda ngazi unafika chumba kimoja kikubwa chenye madirisha marefu na mwanga mwingi, mabenchi ya mbao, na meza ya jaji iliyoinuliwa kidogo tu. Nimefanya kazi katika mahakama ambako jaji yuko juu mpaka unamwona kidevu. Hapa mtu wa benchi la mwisho angeweza kumtazama Davis usoni.

Tulikaa kwenye benchi nikamweleza shemeji mambo yalivyokuwa. Katiba mpya ya jimbo ya 1848 iliwafanya majaji wachaguliwe kwa kura, na Davis akachaguliwa kuwa jaji wa Mzunguko wa Nane. Eneo lenyewe lilikuwa kaunti kumi na nne, kama kilomita za mraba 28,000. Mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, jaji alitoka nyumbani na kuzunguka makao makuu ya kaunti moja baada ya nyingine, siku chache hapa, wiki hapa, kwa miezi kama mitatu kila mzunguko. Mawakili wachache walimfuata, na Lincoln alikuwa karibu peke yake kati yao aliyezunguka kaunti zote. Jioni walipofika mjini, wateja walikuwa wanangoja nje ya nyumba ya wageni. Wakili alisikia kesi usiku na kuisimamia asubuhi. Nyingi zilikuwa za madeni, mipaka, ngumi, matusi ya kuchafuliana jina, nguruwe walioingia shamba la mtu. Ada ilikuwa dola tano au kumi.

"Na wanalala wapi wote hao?" shemeji akauliza.

Walilala wawili wawili kitandani, wengine sakafuni. Jaji peke yake ndiye aliyepewa kitanda chake, kwa heshima na kwa sababu ya mwili: alikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 130, na gari lake lilivutwa na farasi wawili. Mito mingi haikuwa na madaraja. Lincoln, kwa urefu wake, ndiye aliyetangulizwa majini kupima kina, hivyo wanasimulia.

Siku za mahakama zilikuwa kama mnada wa kijiji: watu walitoka mashambani kuuza, kununua, kusikiliza siasa, na kujazana chumbani kusikiliza kesi za majirani zao. Hakuna aliyehitaji kuambiwa sheria iko wapi. Iko juu ya ngazi, inasikika mpaka uwanjani.

Jumatano, Lincoln na Mount Pulaski

Mji wa Lincoln ulipewa jina hilo mwaka 1853, kabla mwenye jina hajawa mtu mkubwa, na aliuzindua mwenyewe kwa maji ya tikiti. Mahakama ya Postville unayoiona pembeni ya mji ni nakala. Ile ya asili ilinunuliwa na Henry Ford mwaka 1929, ikahamishiwa kwenye makumbusho yake Dearborn, Michigan. Hatukukaa sana.

Mount Pulaski ni ile mahakama ya pili iliyobaki, ya 1848, matofali mekundu, katikati ya uwanja wa mji mdogo uliotulia. Mama mmoja wa kujitolea, umri wa bibi yangu, alitupokea na kutupandisha juu. Nilipomwambia kazi yangu alinivuta mpaka kwenye meza ya mawakili na kuniambia nisimame pale. Nikasimama. Chumba kinabeba sauti vizuri. Nilisema maneno machache ya kiapo cha mkalimani na shemeji, aliyekuwa mlangoni, aliyasikia yote.

Kisha nikamuuliza yule mama swali lililokuwa linanisumbua tangu jana: mtu mweusi angesimama wapi humu? Hakukwepa. Alisema sheria za Illinois za wakati ule hazikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Ni kweli. Sheria hizo zilifutwa Februari 1865 tu, na mwaka 1853 jimbo lilikuwa limepitisha nyingine ya kuwazuia weusi wasihamie kabisa. Miaka yote ya mzunguko wa Davis, mlango huu uliokuwa wazi kwa mkulima na jirani yake ulifungwa kwa watu wa rangi yangu, na ulifungwa kisheria. Davis aliisimamia sheria hiyo kama alivyosimamia ya mipaka na madeni. Sijaona mahali alipoipigia kelele.

Shemeji hakusema kitu mpaka tulipofika garini. "Basi kwa nini unamfuata?" Nikamwambia kesho.

Alhamisi, Taylorville na Springfield

Taylorville kwa ajili ya sanamu moja. Mbele ya mahakama ya kaunti ya Christian amesimama Lincoln wa shaba, na miguuni pake nguruwe. Wanasimulia kwamba jengo la zamani la mahakama liliinuliwa juu ya ardhi, nguruwe wakajilaza chini yake, na siku moja makelele yao yakamzidi wakili aliyekuwa anazungumza. Lincoln akamwomba Jaji Davis atoe amri rasmi ya kuwanyamazisha. Jengo lile dogo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya mji.

Springfield ilichukua siku yote iliyobaki. Makaburi ya Oak Ridge, mnara wa Lincoln, watoto wa shule wakipanga foleni kuigusa pua ya sanamu ya shaba. Hapo ndipo nilipompa shemeji jibu, na halikuwa fupi.

Lincoln alimteua rafiki yake kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani Oktoba 1862, na Seneti ikamthibitisha Desemba. Ni uteuzi wa shukrani, hakuna wa kulibisha. Lakini Davis hakugeuka kuwa mtu wa kuitikia. Aliweza hata kukosea akiwa huru: Tangazo la Ukombozi la Januari 1863, lililowatangaza huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, hakuliunga mkono, alimsihi Lincoln abadili msimamo, na Lincoln akamjibu kwamba jambo hilo limeshakwisha. Namshukuru Mungu kwamba rafiki hakumsikiliza. Hata hivyo Davis huyu huyu aliamini tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea kwamba kuwapeleka raia wa majimbo yaliyotulia mbele ya mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba, na utawala uliokuwa unafanya hivyo ulikuwa wa mtu aliyempenda kuliko mwanasiasa yeyote.

Lincoln alipouawa Aprili 1865, mwanawe Robert alimwita Davis Washington kuja kushika mambo ya baba. Davis akawa msimamizi wa mirathi. Aliikuza ikazidi dola 110,000, akaigawa kwa mjane na watoto wawili, zaidi ya dola 36,000 kila mmoja, wala hakudai ujira wake wa kisheria. Na miezi hiyo hiyo alipokuwa anahesabu mali ya marehemu, faili la mtu aliyehukumiwa kunyongwa na mahakama ya kijeshi ya marehemu lilikuwa njiani kuja mezani kwake.

"Kwa hiyo ndiyo sababu," shemeji akasema.

Ndiyo sababu.

Ijumaa, Clinton na Danville

Siku ya kuendesha. Kandokando ya barabara, kwenye mipaka ya kaunti, kuna nguzo fupi zilizowekwa miaka ya 1920 kuonyesha njia ya mzunguko. Clinton kuna nyumba ya C. H. Moore, wakili na mshirika wa Davis katika biashara ya ardhi.

Danville ilikuwa ofisi ya Ward Hill Lamon, aliyeshirikiana na Lincoln katika kesi za huku. Lamon amesimulia kisa kinachowaonyesha wote. Alipatana na ndugu wa msichana mgonjwa wa akili ada ya dola 250 ili kuilinda mali yake ya dola 10,000. Kesi ikaisha upesi, ndugu akalipa kwa furaha, na Lincoln akakataa kuigusa pesa mpaka nusu irudishwe. Davis alimwita Lincoln mbele na kumkaripia kwa sauti ya kusikika chumba kizima kwamba kwa ada zake ndogo ndogo anawafukarisha mawakili wote. Usiku ule mawakili wakaitisha mahakama yao ya utani na kumtoza Lincoln faini. Alilipa, akicheka na wenzake. Naamini kabisa kwamba Davis alimaanisha alichosema. Alipenda pesa, na alimpenda mtu asiyezipenda.

Kuna jambo jingine la siku zile ambalo leo lingezua rufaa papo hapo, na kweli lilizua: Davis alipopata dharura alimkalisha Lincoln kwenye kiti cha jaji amalizie kesi. Baadhi ya hukumu hizo zilitenguliwa baadaye.

Jumamosi, Indianapolis

Ukivuka mpaka kutoka Danville unakuwa Indiana, na kwa mwendo wa saa moja na nusu hivi unafika mji ambako yote haya yalikutana.

Lambdin Milligan alikuwa wakili wa Huntington, Indiana, Democrat aliyepinga vita kwa ukali. Oktoba 1864 wanajeshi walimkamata nyumbani kwake. Alishtakiwa kwa kula njama za uasi na kutaka kuwatorosha wafungwa wa kivita, akahukumiwa na jopo la maofisa hapa Indianapolis, bila juri, anyongwe tarehe 19 Mei 1865. Indiana haikuwa uwanja wa vita. Mahakama za shirikisho katika mji huu huu zilikuwa zinafanya kazi kila siku. Siku chache kabla ya kunyongwa, mawakili wake waliingia humo kuomba afikishwe mbele ya jaji wa kiraia, na mmoja wa majaji wawili waliopokea ombi alikuwa Davis, maana kila jaji wa Mahakama ya Juu alipangiwa eneo, na Indiana ilikuwa katika lake. Yeye na Jaji David McDonald waliandika kwamba hawakukubaliana, na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuipeleka kesi Mahakama ya Juu. Rais Andrew Johnson akabadili adhabu kuwa kifungo cha maisha.

Aprili 1866 majaji wote tisa waliamuru Milligan aachiwe. Sababu zilisomwa Desemba, na Davis akaandika kwa niaba ya watano: "Katiba ya Marekani ni sheria kwa watawala na kwa wananchi, sawasawa wakati wa vita na wakati wa amani." Wanne wengine hawakutaka kwenda mbali kiasi hicho, walisema Bunge lingeweza kuruhusu mahakama kama hizo. Magazeti ya Republican yalimshambulia, mengine yakaifananisha hukumu yake na ile ya Dred Scott, ya 1857, iliyosema watu weusi hawawezi kuwa raia.

Tulikuwa tumekaa nje ya jengo la mahakama ya shirikisho la Ohio Street, la karne iliyofuata, nikamsomea shemeji jinsi hukumu hiyo ilivyotumika mwezi huo huo wa Desemba. Virginia, daktari mmoja mzungu alimpiga risasi na kumuua mtu mweusi, William Medley. Mahakimu wa kiraia walimwachia. Jeshi likaunda mahakama yake kumhukumu, na Rais Johnson akaivunja, akitumia hukumu ya Milligan. Muuaji akaenda zake.

Davis alisikitishwa na matumizi hayo. Aliandika katika barua, mapema 1867, kwamba hukumu haikusema neno juu ya majimbo yaliyoasi. Yuko sahihi ukiisoma. Aliandika kwa ajili ya mahali ambapo mahakama ziko wazi, na kwa Medley hazikuwa wazi, kama vile kwa watu weusi hazikuwa wazi Mount Pulaski. Ningetamani angeliandika hilo ndani ya hukumu yenyewe, si kwenye barua ya faragha. Alikuwa na nafasi, alikuwa na kalamu, na alijua, maana aliwahi kukaa kwenye vile viti.

Milligan alirudi Huntington na uwakili wake. Baadaye aliwashtaki maofisa waliomkamata na kumhukumu, akiwemo Jenerali Alvin Hovey. Wakili wa upande wa jeshi alikuwa Benjamin Harrison, rais wa baadaye. Mwaka 1871 juri ikampa Milligan ushindi na fidia ya dola tano, kwa kuwa muda wa kudai sehemu kubwa ulikuwa umepita.

"Dola tano!" shemeji akasema. "Mtu alikuwa anyongwe. Hayo ni matusi."

Nikamwambia hapana, shemeji. Alimpeleka jenerali mahakamani, raia kumi na wawili wakakaa wakasikiliza, na jenerali akashindwa.